Kusoma Advansi (Hisabati ya Juu) kwa kikundi: maswali tunayoulizwa kila mwaka

Kila mwaka, watoto wakishapangiwa skuli za kidato cha tano, simu yangu huanza kulia. "Mwalimu, nimepelekwa PCM, nasikia Advansi inaua." "Kaka, kile kikundi chenu cha Wete kipo bado?" Mimi si mwalimu wa kuajiriwa. Nimesoma hapa hapa Pemba, mtihani huu nimeufanya, na tangu hapo jioni tatu kwa wiki nakaa na wanaojiandaa. Maswali ni yale yale kila mwaka, basi nimeyakusanya. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Mengine jibu lake halizidi mistari miwili.

Advansi ni nini hasa, na BAM ni nini?

Advansi ndilo jina tunaloliita somo zima la Hisabati ya Juu la kidato cha tano na sita. Wanalisoma walio kwenye PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PGM (Fizikia, Jiografia, Hisabati), EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) na michepuo mingine yenye herufi M. Wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) hufanya BAM, yaani Basic Applied Mathematics, somo dogo lenye karatasi moja, ambalo halimo katika yale masomo matatu yanayohesabiwa pointi za daraja. Advansi ina karatasi mbili, kila moja ya saa tatu, na hufanywa mwezi wa Mei.

Watu huuliza pia kama mtihani wetu ni tofauti na wa Bara. Hapana. Kidato cha nne na cha sita vyote ni vya Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA. Baraza la Mitihani la Zanzibar lina mitihani yake ya madarasa ya chini. Karatasi atakayoifungua mtoto wa Wete asubuhi ile ndiyo atakayoifungua mtoto wa Songea.

Karatasi zenyewe zimepangwaje?

Kwa muundo tuliofanya sisi, karatasi ya kwanza ina maswali kumi, yote ya lazima, alama 10 kila moja. Karatasi ya pili ina sehemu mbili. Sehemu A ni maswali manne ya lazima yenye alama 15 kila moja. Sehemu B ina maswali manne, unachagua mawili, kila moja alama 20. Mitaala inabadilishwa, kwa hivyo kazi ya kwanza ya kikundi chochote ni kuchukua muundo wa mtihani wa mwaka wake kwenye tovuti ya NECTA na kuubandika ukutani. Usiuchukue kwangu.

Tukishaubandika, tunagawa dakika. Saa tatu ni dakika 180. Karatasi ya kwanza: dakika 18 kwa swali. Karatasi ya pili: swali la alama 15 lina dakika 27, la alama 20 lina dakika 36. Hapo hakuna dakika hata moja ya kusoma maswali wala ya kurudi nyuma, kwa hivyo tunajizoeza kwa dakika 16 badala ya 18. Mtoto akiambiwa hivi mwezi wa Agosti hucheka. Mwezi wa Machi hacheki tena.

Kikundi kiwe na watu wangapi?

Watano mpaka saba. Sababu yake ni hesabu ya darasa la nne: kikao chetu ni saa mbili, yaani dakika 120. Mkiwa sita, kila mtu ana dakika 20 za kusimama ubaoni. Mkiwa kumi na tano, kila mtu ana dakika nane, na ndani ya dakika nane huwezi hata kuchora mhimili ukauandika namba. Watu wakizidi saba tunagawana vikundi viwili, hata kama wote ni marafiki wa toka nitoke.

Mnakutana wapi?

Hivi sasa kwenye chumba kimoja cha madrasa, baada ya watoto wadogo kuondoka. Kina ubao, kina mkeka, na Ustadhi anatuamini na ufunguo.

Mwanzoni tulikuwa tukikaa barazani kwa bibi yangu. Baraza ni pahala pazuri kwa kila kitu isipokuwa Hisabati. Kila mzee anayepita lazima aamkiwe, naye hapiti bila kuuliza habari za mama, za baba, za yule mjomba aliyeko Mombasa. Ukirudi kwenye ubao umeshasahau kama ile alama ilikuwa ya kutoa au ya kujumlisha. Mkiwa na chumba chochote chenye mlango, kichukueni.

Kikao kinakwendaje?

Hili ndilo swali kubwa, na nitalijibu kwa kueleza kwanza tulivyoharibu.

Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa na kijana mmoja mkali sana. Tukikaa, yeye anasimama, anafanya swali kutoka juu mpaka chini, sisi tunanakili. Madaftari yetu yalikuwa mazuri, utadhani yamechapwa. Ukafika mtihani wa majaribio. Yeye alipata alama zake nzuri, na sisi wengine karibu sote tukaanguka, tena kwenye maswali ambayo tulikuwa nayo daftarini, kwa mwandiko wetu wenyewe. Tulikuwa tumemtazama mtu akila, tukadhani tumeshiba.

Baada ya pale tukabadilisha utaratibu. Maswali yanatolewa siku mbili kabla. Kila mtu anayafanya peke yake nyumbani, na haji kikaoni na jibu, anakuja na pahala alipokwama. Tunalo daftari moja kubwa, la kikundi, tunaliita daftari la kukwama. Unaandika tarehe, namba ya swali, na ule mstari hasa ambao baada yake hukuweza kuendelea. "Sijaelewa intigresheni" haikubaliki, hiyo ni kama kwenda hospitali ukasema "naumwa". Tunataka mstari.

Mfano wa kweli. Mtoto mmoja wa Konde aliandika kwamba ameshindwa kuintigreti ln x. Alijua kanuni ya kuintigreti kwa sehemu, ile inayotaka vitu viwili vinavyozidishana, kimoja ukiite u na kingine dv. Mstari wake wa mwisho ulikuwa: "Cha pili hakipo." Angesema tu "sielewi", tungemfanyia mifano kumi na asingepona. Lakini kwa kuwa alitaja mstari, jibu lilikuwa la neno moja. Mwenzake alichukua chaki, akaandika 1 mbele ya ln x. Cha pili ni moja. Ilikuwepo muda wote, ila haiandikwi. Basi u ni ln x, dv ni 1 mara dx, kwa hivyo v ni x. Inatoka x ln x, unatoa intigresheni ya x mara 1/x, ambayo ni intigresheni ya 1, ambayo ni x. Jibu: x ln x − x + c. Yule mtoto alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo na ile ya tani kinyume ni hivyo hivyo?" Ndiyo, ni hivyo hivyo. Hilo hakuna aliyemfundisha.

Sheria nyengine za kikao ni fupi. Anayesimama ubaoni ni aliyekwama, si anayejua. Anayejua anaruhusiwa kuuliza maswali tu, chaki haishiki mpaka aombwe. Ukikosea hakuna kucheka, na mwenye kucheka ndiye anayefuata ubaoni.

Mimi ni dhaifu. Sitawarudisha wenzangu nyuma?

Utawarudisha kwa dakika ishirini zako, ambazo ni haki yako. Asiyekuja na kitu daftarini ndiye anayeturudisha nyuma kweli.

Mimi ndiye ninayejua zaidi. Nitafaidika nini?

Wewe una hatari yako, nayo ni kufanya mambo bila kujua kwa nini unayafanya. Kikundini utaulizwa kwa nini.

Mwaka mmoja tulikuwa na binti anayefanya namba changamano (zile zenye i, kipeuo cha pili cha −1) huku akizungumza mambo mengine. Swali lilitaka vipeuo vya tatu vya 8. Akaandika 2, kisha kwa kanuni ya de Moivre akatoa na vile viwili vilivyobaki, −1 + i√3 na −1 − i√3, haraka haraka. Mwenzake, dhaifu kuliko wote, akamuuliza: "Viwe vitatu kwa nini? Mbili mara mbili mara mbili si nane imeshatoka?" Binti akafungua mdomo, akaufunga. Alijua kuvitoa lakini hakujua kwa nini vipo. Ilimchukua siku mbili kurudi na maelezo, na alirudi na mchoro: duara la nusu kipenyo 2, nukta tatu juu yake, zimeachana digrii 120 sawasawa kama mafiga. Kila nukta, ukiizungusha pembe yake mara tatu, inaangukia pale pale kwenye 8. Tangu siku ile hakuna mtu katika kile kikundi aliyeandika kipeuo kimoja akaacha viwili.

Wasichana na wavulana wanasoma pamoja?

Kwetu ndiyo, mlango wazi, wazazi wanajua, na kikao kinavunjika kabla ya magharibi ili kila mtu afike kwao kwa wakati. Mzazi akitaka kuja kuona, aje. Baba wa mmoja alikuja mara tatu, mara ya tatu akabaki mpaka mwisho akabishana nasi kuhusu swali la uwezekano. Pahala ambapo wazazi hawaridhiki, vikundi viwili tofauti vinavyobadilishana daftari la kukwama hufanya kazi vizuri vile vile.

Tusome kwa Kiswahili au kwa Kiingereza?

Mtihani ni wa Kiingereza, kwa hivyo ubaoni tunaandika Kiingereza. Kubishana tunabishana kwa Kiswahili, na sioni haya kulisema hilo mbele ya mwalimu yeyote. Mtu hafikirii vizuri kwa lugha anayoitafuta.

Mantiki ndiyo somo linaloonyesha faida yake. Chukua sentensi hii: "Bahari ikichafuka, boti haiondoki Mkoani." Muulize mtoto yeyote wa Pemba: boti imeondoka, je, bahari imechafuka? Atakwambia hapana, bila kufikiri. Sasa muulize: boti haikuondoka, je, bahari ilichafuka? Atasema si lazima, pengine ni injini. Tayari ameshafanya kazi yote. Ile ya kwanza ni kugeuza na kukanusha pande zote mbili, nayo ina ukweli ule ule wa sentensi ya mwanzo. Ile ya pili ni kugeuza tu, na haina dhamana. Baada ya hapo ndipo tunaweka p na q na kuchora jedwali la ukweli. Wakianza na jedwali, wanalikariri kama namba za simu na kulisahau kama namba za simu.

Ila kuna pahala Kiingereza lazima kifanyiwe mazoezi peke yake, nako ni maswali ya maelezo. "Angalau" na "isiyozidi" kwa Kiingereza vinawachanganya watu kuliko hesabu zenyewe. Na si Kiingereza tu, hata kwa Kiswahili watu huteleza. Tuliwahi kutunga swali: mama anapika vileja na kashata, na idadi ya vileja isipungue mara mbili ya kashata. Watu wanne kati ya sita waliandika 2v ≥ k. Tukawaambia wajaribu kwa namba. Kashata 10, vileja 5: mara mbili ya 5 ni 10, kwa hivyo mlinganyo wao unakubali. Lakini mama alitaka vileja visipungue 20! Sahihi ni v ≥ 2k. Siku hizi kila sharti tunaloliandika tunalijaribu kwa namba mbili, moja inayofaa na moja isiyofaa, kabla ya kuchora mstari wowote. Na usisahau kuandika kwamba v na k si hasi. Unajua mwenyewe kwamba hakuna mtu anayepika vileja hasi, lakini msahihishaji anataka akuone umeandika.

Kikokotoo gani ninunue?

Cha kisayansi, kisichopangika programu, kwa sababu ndicho kinachoruhusiwa. Kiwe ni chako na kiwe ni hicho hicho kimoja mpaka siku ya mtihani. Kuazima kikokotoo cha ndugu siku ya mtihani ni sawa na kuazima viatu siku ya mbio.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni digrii na rediani, vipimo viwili tofauti vya pembe. Jaribu hili leo. Tafuta suluhisho la x = cos x kwa njia ya Newton na Raphson, anza na 1. Kikokotoo kikiwa kwenye rediani unapata 0.7504, kisha 0.7391, na hapo kinatulia. Kikiwa kwenye digrii kinatulia pia, kwa utulivu mkubwa kabisa, kwenye 0.9998. Huoni dalili yoyote ya kosa, jibu linapendeza na namba hazirukiruki. Mimi mwenyewe niliwahi kubishana na kikundi kizima kwa dakika kumi nikiitetea 0.9998 yangu, mpaka mtu akaninyang'anya kikokotoo akanionyesha herufi D ndogo pale juu ya kioo. Ukiona kalkulasi, nenda rediani. Ukiona pembe ya pembetatu yenye digrii, rudi digrii. Andika kwenye karatasi ya kazi umebadilisha lini.

Kosa la pili ni kukiamini kikokotoo kwenye pembe ya namba changamano. Kwa −1 + i ukibonyeza tani kinyume ya −1 kitakwambia −45. Nukta yenyewe iko juu kushoto, pembe yake ni 135. Kikokotoo hakijui nukta iko wapi. Chora kwanza.

Paspepa, yaani karatasi za mitihani iliyopita, tuanze kuzipiga lini?

Mapema kidogo kidogo, kwa mada, mara tu mada inapoisha. Karatasi nzima kwa saa, anzeni baada ya kumaliza angalau robo tatu ya mada. Ukizianza karatasi nzima mapema mno unajifunza kukata tamaa tu.

Lakini kuna kitu kingine ambacho nashangaa watu hawakitumii. NECTA hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, bure, kwenye tovuti yake. Humo kila swali linaelezwa: lilitaka nini, watahiniwa wengi walikosea wapi, na mara nyingi kuna picha ya jibu zuri na ya jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Hilo ndilo daftari la kukwama la nchi nzima. Sisi huchukua picha ya jibu baya, tunaficha maelezo ya chini, halafu kila mtu anatafuta kosa liko mstari gani. Zoezi hili watu wanalipenda kuliko yote. Binadamu anapenda sana kosa la mwenzake, na hapa mapenzi hayo yana kazi.

Utakachokiona humo mara kwa mara ni watu waliojua jibu na wakapoteza alama kwa kuruka hatua. Kanuni haikuandikwa, namba zikatokea tu kama mvua ya ghafla. Alama hugawiwa kwa hatua. Jibu tupu lililo sahihi linapoteza alama za njia, na jibu lisilo sahihi lenye njia nzuri linaokota nyingi.

Programu za simu zinazopiga picha swali na kulitatua, zinafaa?

Baada ya kukwama na kuandika mstari wako, ndiyo. Kabla ya hapo zinakufanyia kile kile alichotufanyia yule kijana mkali wa mwaka wa kwanza, tena bila kuchoka. Na zile za kuzungumza nazo huweza kukupa hatua ya uongo kwa lugha ya kujiamini kabisa. Tulipata moja iliyogawa kwa sifuri katikati ya mistari, kwa upole. Kuliona kosa lile kulitufaa kuliko jibu. Kundi la WhatsApp tunalo, lakini ni la picha za maswali na ratiba tu, majibu hayatumwi humo.

Ramadhani tunafanyaje?

Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, yaani wakati moto wa kujiandaa umeshakolea, kwa hivyo huwezi kusema tutapumzika mwezi mzima. Tulijaribu kukutana alasiri kama kawaida, ikashindikana. Saa kumi jioni mtu aliyefunga anatazama ubao lakini anaona mihogo ya nazi. Sasa tunakutana baada ya tarawehe, kuanzia kama saa tatu usiku, saa moja na nusu tu, wavulana madrasa na wasichana nyumbani kwa mmoja wao. Kazi ya peke yako ifanye baada ya alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, wakati daku bado ipo tumboni na nyumba nzima imelala. Wengi wameniambia hesabu walizofanya saa ile ndizo zilizowakaa. Kumi la mwisho tunawaachia watu ibada zao.

Na umeme ukikatika?

Tangu 2010 umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na hali si ile ya zamani ya majenereta, lakini kukatika unakatika. Tulichanga tukanunua taa mbili za sola. Zinatosha watu sita na ubao.

Kero yangu kubwa ni mvua. Masika yanaanza Machi na kwenda mpaka Mei, na chumba chetu ni cha bati. Ikianza kumwaga, husikii hata mtu aliye ubavuni kwako. Tulikuwa tunakasirika, sasa tumeigeuza kuwa ishara: mvua ikishika, kila mtu anachukua swali moja na saa yake, anafanya kimya mpaka ipite. Hakuna kuulizana, maana hata ukiuliza husikiki. Mtihani nao ni hivyo hivyo.

Lazima niende tuisheni pia?

Si lazima. Tuisheni inafaa kwa mada ambayo skuli yenu haikuifikia kabisa, au ambayo kikundi kizima kimekwama. Kikundi kikikwama sote, tunamwomba mwalimu mmoja aje siku moja, tunampa ule ukurasa wa daftari kabla hajafika. Saa moja ya mwalimu anayejua mmekwama mstari gani ni bora kuliko mwezi wa mwalimu anayeanza mada upya.

Alama ngapi zinanipa daraja gani?

A ni kuanzia 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60, D kuanzia 50, E kuanzia 40, S kuanzia 35, chini ya hapo ni F. Pointi zinakwenda kutoka 1 kwa A mpaka 7 kwa F, na zinajumlishwa za masomo matatu: daraja la kwanza ni pointi 3 mpaka 9, la pili 10 mpaka 12, la tatu 13 mpaka 17, la nne 18 na 19. Ukipiga hesabu, mtu mwenye C tatu ana pointi 9, yumo daraja la kwanza. Nalisema hili kwa wale wanaokuja wanatetemeka wakidhani bila A hakuna maisha.

Wiki ya mwisho tufanye nini?

Hakuna mada mpya. Kila mtu asome daftari la kukwama lote tangu mwanzo, kurasa zake na za wenzake. Jaribu betri ya kikokotoo. Wanaotoka mbali, Gando au Konde, wapange wanakolala usiku wa kuamkia mtihani, maana gari ya asubuhi yenye mvua haina mwenyewe. Simu iache nyumbani, usiifikishe hata mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Baada ya karatasi ya kwanza msikutane kulinganisha majibu. Tumewahi kumpoteza mtu mzuri kwa hilo: alilinganisha, akaona lake ni tofauti, akaingia karatasi ya pili roho imeshaondoka. Baadaye tukajua lake ndilo lililokuwa sahihi.

Naweza kulipata hilo daftari la kukwama?

Kulinakili ndiyo, kulichukua hapana. Hukabidhiwa kikundi kinachofuata mwezi wa Julai, pamoja na taa mbili, sanduku la chaki na ufunguo wa madrasa. Lililopo sasa ni la tatu. La kwanza liliingia maji ya masika, kurasa za mwanzo wino umetoka, lakini ule mstari wa mtoto wa Konde, "Cha pili hakipo", unasomeka bado, na chini yake kuna mtu ameandika 1 kubwa kwa kalamu nyekundu. Lililopo sasa lina kurasa kama thelathini tupu. Ukija, njoo na kalamu yako.